TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: BETRI ISIYOPOKEA CHAJI

Watumishi na wananchi wenye betri za risasi na tindikali, ziwe za vigari vya umeme vya hoteli na viwanja vya gofu, au za umeme wa jua kama zitumikazo hata Kabanga, wilayani Ngara, mpakani na Burundi, wanakumbushwa kuwa chaja isiyowaka si lazima iwe mbovu. Chaja nyingi za kisasa hupima kwanza volti za betri. Zikiwa chini mno, hazianzi kazi. Hivyo fedha hupotea kwa kununua chaja mpya ilhali kasoro imo katika betri.

Kabla ya ununuzi wowote, utaratibu ufuatao uzingatiwe:

1. Chaja ichomolewe. Vichwa vya betri vyenye ukungu visafishwe, na waya zikazwe.

2. Betri zilizochajiwa zipumzishwe saa kadhaa, kisha kila moja ipimwe peke yake. Ya volti 6 iliyojaa huonyesha takriban 6.3, ya volti 12, takriban 12.7. Iliyo chini sana kuliko wenzake ndiyo ya kushukiwa. Zote zikiwa chini, fyuzi, soketi na chaja zikaguliwe.

3. Mabamba yaliyo wazi yafunikwe kwa maji yaliyotoneshwa kabla ya kuchaji. Kujaza kikamilifu kufanyike baadaye. Tindikali isiongezwe.

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Moto na sigara viwekwe mbali. Betri chakavu zisivunjwe majumbani, kwani risasi ni sumu, hususan kwa watoto.