Fildi Kama Mlango wa Kuajiri Wahitimu wa Vyuo Tanzania

Soko la ajira kwa wahitimu wa vyuo nchini Tanzania lina malalamiko mawili yasiyopatana: wahitimu husema kazi hakuna, na waajiri husema watu wa kuajiri hawaonekani, ingawa kila tangazo la kazi likitoka maombi humiminika kiasi cha kuishinda ofisi ya rasilimali watu kuyasoma. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Juni 2014, pale Idara ya Uhamiaji ilipolazimika kuwasaili waombaji zaidi ya 10,000 wa nafasi 70 ndani ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwajiri aliyefikia hapo hana tena shida ya kupata waombaji. Shida yake ni kumtambua anayefaa, na tangazo, ambalo ndilo chombo anachokitegemea zaidi, halimsaidii katika hilo.

Kwa kuwa maombi ni mengi, mchujo, yaani hatua ya kupunguza waombaji kabla ya usaili wa mahojiano, hufanywa kwa vigezo vyepesi kuhesabika. Cha kwanza ni wastani wa alama za chuo (GPA), ambao katika vyuo vikuu vingi nchini hupimwa hadi 5.0, daraja la kwanza likianzia 4.4 na daraja la pili la juu likianzia 3.5. Vyuo vikuu vina sababu ya kudai 3.8 kwa anayetaka kuwa mkufunzi msaidizi, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kitaaluma. Msambazaji wa vinywaji anayedai kiwango hichohicho kwa ofisa mauzo ameazima kipimo kisichopima chochote anachokihitaji. Cha pili ni uzoefu wa miaka miwili au mitatu, unaodaiwa hata kwa nafasi za ngazi ya chini kabisa, na ambao kwa mhitimu mpya ni sawa na kuambiwa asiombe. Cha tatu ni cheti chenyewe. Mitihani ya mwisho kwa kawaida humalizika Julai, ilhali mahafali ya vyuo vikuu vingi hufanyika Novemba na Desemba, hivyo mwajiri anayetangaza kazi Septemba na kukataa hati za matokeo ya muda huwa amewafungia nje wahitimu wote wa mwaka huo. Sharti hilo lina mantiki yake katika utumishi wa umma, ambako Sekretarieti ya Ajira imezoea kutangaza wazi kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa. Sekta binafsi imelinakili bila kulazimishwa na mtu.

Chombo bora zaidi tayari kimo mikononi mwa waajiri, na kwa sehemu kubwa kinapotea bure. Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi, ni kipindi, aghalabu cha wiki 8 za likizo ndefu, ambacho mwanafunzi hupelekwa katika ofisi, kiwanda au shamba akiwa na daftari la kuandikia kazi za kila siku, huku akisimamiwa na ofisa wa mahali hapo pamoja na mhadhiri anayefika kumkagua. Mwanafunzi wa uhasibu aliyepokelewa ovyo huzimaliza wiki hizo akitoa fotokopi, akipeleka bahasha, na akijaza daftari maneno ya kubuni ambayo msimamizi huyasaini yote siku ya mwisho. Mwanafunzi huyohuyo akikabidhiwa, katika wiki ya tatu, taarifa ya benki ya mwezi mmoja na kitabu cha fedha cha mwezi huohuo, akatakiwa kufanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha kumbukumbu hizo mbili na kueleza kila tofauti, mwajiri ataona mambo ambayo usaili wa dakika 20 hauwezi kuyafichua: kama huuliza anapokwama, kama hukiri kwamba hesabu haijakaa sawa au huilazimisha ifunge, na kama anajua kutunza siri ya takwimu alizoziona.

Ili fildi izae ajira, mwajiri hana budi kuamua mapema atawapokea wangapi na katika idara zipi, kisha akiandikie chuo miezi kadhaa kabla, badala ya kusubiri barua ambazo wanafunzi huzizungusha mapokezi kwa mapokezi. Hapa ndipo penye donda, kwa maana nafasi za fildi, kwa kuwa hazitangazwi, hugawiwa kwa vimemo, yaani vikaratasi au ujumbe wa simu kutoka kwa mtu anayefahamiana na meneja. Kampuni hupata watoto wa jamaa, na mwanafunzi hodari wa Mzumbe au Dodoma asiye na mjomba mjini huenda popote atakapopokewa. Nauli nayo isidharauliwe: mwanafunzi anayelipiwa nauli na chakula cha mchana anaweza kupimwa kwa kazi yake, wakati asiyelipwa chochote hupimwa zaidi kwa uwezo wa wazazi wake.

Baada ya masomo hufuata mafunzo tarajali, yaani kipindi cha kujifunza kazi kwa mhitimu ambaye bado si mwajiriwa, ambayo Serikali iliyatolea mwongozo mwaka 2017. Wahandisi walitangulia: tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa ikiendesha mpango uitwao kwa kifupi SEAP, ambamo mhandisi mhitimu hufanya kazi kwa miaka 3 chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Nguvu ya mpango wa namna hiyo ni kwamba yupo mtu anayejulikana kwa jina anayewajibika kwa mhitimu, tofauti na tarajali nyingi za maofisini, ambamo mhitimu hutumwa na kila mtu na hafundishwi na yeyote.

Mkataba unaweza kuyaharibu yote hayo. Wapo waajiri wanaowapa wahitimu mikataba ya miezi mitatu mitatu wakidhani wanajilinda, ingawa kanuni za kazi za mwaka 2017 zinataka mkataba wa muda maalumu, ambao sheria inauruhusu kwa wataalamu na mameneja, usipungue miezi 12. Kinga wanayoitafuta imo katika kipindi cha majaribio, tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imemweka mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kazini nje ya sehemu inayohusu kuachishwa kazi isivyo haki.

Mshahara nao unahitaji kuelezwa kwa tarakimu kamili. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) hukatwa asilimia 15 ya mshahara ili kuurejesha, na mwajiri ndiye anayewajibika kukata na kuwasilisha fedha hizo. Ukiongezwa mchango wa asilimia 10 wa NSSF, mshahara wa shilingi 600,000 hubaki 450,000 kabla hata ya kodi ya mapato. Mhitimu ambaye hakuoneshwa hesabu hiyo alipopewa barua ya ajira huigundua mwisho wa mwezi wa kwanza, na kampuni ya jirani inayomtajia 700,000 haihitaji maneno mengi kumchukua.