Pampu Iliyolala Masika Yote (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilishughulikia pampu yenyewe: mpira wa kunyonyea, valvu ya chini, na hewa inayopenya kwenye maungio. Leo tunaingia kwenye injini ya petroli inayoizungusha. Malolo wana mfereji wa Mwega, ambao maji yake hushuka kwa mteremko bila kudai petroli, lakini mwenye bustani asiye na mfereji, awe Kisanga au upande wa Mikumi, kiangazi chake kinategemea injini. Masika yakiisha, mwezi Juni hivi, pampu hutolewa stoo, na hapo shida huanza. Kamba huvutwa mpaka bega linalegea. Injini ikiwaka, inawaka kwa choki tu. Choki ikifunguliwa inazima. Ikikubali kuendelea, haikai sailensa: inapanda, inashuka, inamisi. Hukumu inayotolewa hapo hapo, hasa kwa injini ya miaka mingi, ni kwamba imechoka, ringi zimekwisha, ifanyiwe ovahoo. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka, na kalenda peke yake inatosha kuitilia shaka. Ringi husagika injini inapofanya kazi, si inapokaa kimya pembeni ya magunia. Injini iliyozimwa mwezi Machi ikiwa inavuta maji vizuri, kisha ikakataa mwezi Juni, haikuzeeka katika miezi hiyo mitatu. Kilichobadilika ni petroli iliyosahaulika ndani ya kabureta. (Nakubali kwamba stoo nayo ina hila zake: kutu huweza kukamata valvu, na nyigu hupenda kujenga nyumba ya udongo ndani ya bomba la moshi. Chungulia bomba hilo kabla ya yote.)

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi, vingine vizito, na vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto wakati injini bado ya baridi. Ndivyo pia vinavyotangulia kupotea hewani. Bakuli la kabureta hubeba petroli kidogo sana, kwa hiyo hukauka mapema, na kinachobaki hugeuka utando wa kahawia unaonata. Sasa tazama njia ambazo petroli hupitia. Iko jeti kubwa, inayolisha injini ikiwa na mwendo, na iko jeti ndogo ya sailensa, yenye tundu ambalo kwa kawaida halifiki nusu milimita. Utando ukianza kushika, tundu jembamba ndilo linaloziba kwanza. Kwa mwendo wa chini kipepeo cha kabureta kimefungwa karibu chote, na karibu petroli yote inayoingia kwenye silinda hutoka kwenye tundu hilo. Ndiyo maana injini ile ile inayozima ukiishusha hunguruma vizuri ukiipandisha. Choki huisaidia kwa sababu hupunguza hewa, hivyo petroli kidogo inayopita hutosha. Na kule kupanda na kushuka ni kazi ya gavana: inahisi mwendo umeanguka, inafungua kipepeo, injini inakurupuka, gavana inafunga tena. Ringi zilizokwisha hazina tabia hiyo. Injini yenye ringi mbovu hukosa nguvu kwa mwendo wowote, hutoa moshi wa bluu na kumaliza oili.

Hoja hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kukimbilia kabureta na bisibisi. Kwanza oili: injini nyingi za aina hii zina swichi inayokata moto wa plagi oili ikipungua, hivyo pampu iliyowekwa upande kwenye ukingo wa mto huweza kukataa kuwaka bila kuwa na ugonjwa wowote. Kisha vuta kamba mara kadhaa, fungua plagi, uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki; tafuta kwenye bomba la tangi, chujio, na tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. (Tundu hilo likiziba, injini huwaka, hufanya kazi kidogo na kuzima, kisha hupona kimiujiza ukifungua kifuniko.) Ikiwa imelowa, petroli inafika, na swali linahamia kwenye moto na mgandamizo. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli inazidi: choki haifunguki yote, chujio la hewa limejaa vumbi, au sindano ya boya inavuja. Baada ya hapo ndipo ufungue skrubu ya chini ya bakuli na kukinga kinachotoka kwenye chupa angavu. Maji hukaa chini ya petroli, nayo petroli iliyooza hunuka kama vanishi. Jeti isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa pampu ya baiskeli. Ikibidi kupitisha kitu, uwe mshipi mwembamba wa nailoni. Waya wa breki hutanua tundu, na jeti iliyotanuka hairudi.

Atatokea wa kusema: mbona nilibadilisha plagi tu, ikawaka? Inawezekana sana. Plagi mpya, kavu na safi, hurusha cheche hata pale ambapo mchanganyiko ni mbaya. Tena, wakati plagi ya zamani imetolewa, silinda iliyofurika petroli ilipata nafasi ya kukauka. Lakini ikiwa baada ya siku chache injini inarudia tabia yake, plagi ilituliza dalili tu. Hata cheche unayoiona ukiigusisha plagi kwenye chuma haithibitishi mengi, kwa sababu kuruka kwenye hewa ya wazi ni rahisi kuliko kuruka ndani ya silinda iliyogandamizwa. Kwa injini ya Honda GX160, ambayo nakala zake zimeenea kila soko, nafasi ya plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8, ipime kabla ya kununua nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: petroli imechakachuliwa. Uchakachuaji si hadithi. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Hata hivyo, dai hili linapimika. Ikiwa bodaboda zilizojazwa kutoka dumu lile lile zinakwenda vizuri, dumu halina hatia. Mwaga petroli ya tangi na ya bakuli, weka mpya, na ikiwa tabia haikubadilika, kosa liko kwenye tundu.

Wa tatu atauliza kwa nini ahangaike, maadamu injini ikishapata mwendo inavuta maji. Basi anafunga choki nusu na kuiacha hivyo mchana kutwa. Hapa ndipo tiba ya mkato inapoleta ugonjwa uliodaiwa. Kwa mwendo mkubwa jeti kubwa inatoa petroli ya kutosha, kwa hiyo choki huongeza ya ziada, na petroli hiyo huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuchuruzika hadi kwenye oili ya chini. Msimu ukiisha, ringi zimekwisha kweli. Fundi aliyesema injini imechoka ataonekana mjuzi.

Injini zilizochoka kikweli zipo, na zina njia yake ya kutambuliwa. Wengi hupima mgandamizo kwa wepesi wa kamba, lakini injini nyingi za sasa zina kifaa kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuvuta ili kamba iwe nyepesi, kwa hiyo wepesi huo hudanganya. Geji ni bora. Usomaji ukiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: ukipanda, ringi ndizo zinazovujisha; usipopanda, tazama valvu. Na valvu mara nyingi inadai marekebisho tu. Kwa GX160 nafasi ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa, injini ikiwa baridi. Kadiri valvu inavyojichimbia kwenye kiti chake, nafasi hupungua, na ikiisha kabisa valvu haifungi. Hilo hurekebishwa kwa spana na fila geji kwa muda mfupi, bila kung'oa silinda.

Wavuvi wa Bwawa la Mtera na wa pwani wanaotumia injini za boti wanaijua tabia hii kwa sura nyingine. Baadhi ya injini zao zina kabureta moja kwa kila silinda, hivyo jeti moja ya sailensa ikiziba, silinda moja inalala kwa mwendo wa chini na kuamka boti ikishika kasi. Kinga yao inatufaa: kabla ya kuiweka injini, bomba la petroli huchomolewa na injini huachwa ingurume mpaka imalize kilichomo ndani na kuzima yenyewe. Kwenye pampu, funga koki ya tangi, acha izime, kisha fungua skrubu ya bakuli umwage tone lililobaki. Tangi nalo limwagwe. Petroli hiyo ichomwe na bodaboda wiki hiyo hiyo, isisubiri Juni. Sehemu ya tatu itahusu gavana na springi zake, ambazo wengi huzikunja kwa koleo kabla ya kujua zinafanya nini.