Shule ya Uvunguni: Namna Mtoto wa Paka Anavyofundwa

Shule yenyewe huwa uvunguni mwa kitanda, juu ya dari, au stoo nyuma ya magunia ya mkaa. Mwalimu ni mmoja, wanafunzi huwa watatu hadi watano, na muhula ni mmoja tu, wa wiki nane mpaka kumi na mbili. Baada ya hapo masomo yamekwisha. Kengele hakuna, daftari hakuna, lakini ratiba ipo, tena kali, kwa sababu yapo masomo ambayo yakipita wakati wake hayarudiwi tena.

Watu wengi huamini kwamba paka huzaliwa paka kamili, mwindaji tangu tumboni. Watafiti waliowafuatilia watoto wa paka kwa takriban karne nzima wamekuta habari yenye kuvutia zaidi. Kuna analokuja nalo duniani, kuna analoonyeshwa na mama, kuna analolipata kwa kung'atana na nduguze, na kuna ambalo asipokutana nalo mapema ubongo wake hauwezi kulipokea tena.

Mwanafunzi anaingia darasani akiwa na gramu 100 hivi, baada ya kukaa tumboni siku kama 63 hadi 67. Macho yamefumba, masikio yamejikunja, na makucha hayajaweza kurudi ndani ya vidole. Hawezi kujipasha joto. Hata haja hawezi kwenda mpaka mama amlambe chini ya tumbo. Kinachofanya kazi ni pua na ngozi, na kwa hivyo viwili anatambaa gizani kufuata joto na harufu mpaka anafika kwenye ziwa. Hapo ndipo penye somo la kwanza: kila mtoto, ndani ya siku chache tu, anajichagulia chuchu yake na kuirudia. Anaitambua kwa harufu, hata mama akilalia ubavu mwingine. Utaratibu huo hupunguza vurugu. Bila huo, watoto watano wenye makucha yasiyofichika wangekwaruzana usiku na mchana, na muda wa kunyonya ungepotelea kwenye ugomvi.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 macho hufunguka. Kila mtoto huwa na macho ya buluu mwanzoni, hata yule ambaye baadaye atakuwa na ya njano au ya kijani. Lakini kufungua macho ni jambo moja, na kuona ni jingine. Hilo lilithibitishwa miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani na watafiti wawili, David Hubel na Torsten Wiesel. Walimfunga mtoto wa paka jicho moja kwa wiki kadhaa, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, halina kasoro yoyote, lakini chembe za ubongo zinazohusika na kuona zilikuwa karibu zote zimehamia upande wa jicho lililobaki wazi. Paka mzima akifungwa jicho kwa muda huohuo hapati madhara hayo. Ni mtoto tu, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, anayeweza kupoteza jicho kwa kukosa kulitumia.

Kazi hiyo haisomeki kwa wepesi kwa mtu anayewapenda paka, na ni haki kulisema hilo. Ni haki pia kusema kilichotokana nayo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na leo mtoto mchanga wa binadamu anayezaliwa na mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mapema, haambiwi asubiri akue, kwa sababu ubongo wake nao una muda wake wa kujifunza kuona.

Mwaka 1963 watafiti Richard Held na Alan Hein walikwenda mbele zaidi. Waliwalea watoto wa paka gizani, kisha kila siku wakawatoa wawili wawili kwa saa chache na kuwaweka kwenye chombo kama bembea ya kuzunguka, ndani ya ukuta wa duara wenye mistari. Mmoja alifungwa mkanda na kutembea kwa miguu yake. Mwenzake alikaa ndani ya kikapu upande wa pili, akizungushwa na mwendo wa yule wa kwanza. Wote waliona mistari ileile, kwa muda uleule. Walipojaribiwa baadaye, aliyetembea alipepesa macho kitu kilipomkaribia ghafla, alinyoosha miguu ya mbele aliposhushwa mezani, na alikwepa ukingo wa shimo. Aliyebebwa hakufanya lolote kati ya hayo. Macho yake yalikuwa yameona kila kitu, ila mwili wake haukuwa umehusishwa. Alipoachiwa akimbie mwenyewe kwenye mwanga kwa siku mbili, alianza kujifunza.

Yeyote aliyewahi kumtazama mtoto wa paka wa wiki tano akipanda pazia, akaanguka, akapanda tena, ameliona jambo hilohilo bila maabara.

Kuhusu kuanguka kwenyewe, hilo ni somo ambalo mwili unajifundisha. Uwezo wa kujigeuza hewani huanza kuonekana katika wiki ya tatu au ya nne na hukamilika kwenye wiki ya saba hivi. Mfaransa Étienne-Jules Marey alilipiga picha za mfululizo mwaka 1894, na wataalamu wa fizikia wakashangaa, maana paka aligeuka bila kuegemea kitu chochote. Siri yake ni uti wa mgongo unaojipinda kupita kiasi: nusu ya mbele inageuka kwanza, nusu ya nyuma inafuata. Mitulinga yake nayo ni midogo sana na haijaungana na mifupa mingine, kwa hiyo mabega yako huru.

Somo kubwa la shule hii ni kuwinda.

Linaanza kwenye wiki ya nne hivi, kwa utaratibu ambao mtu akiutazama kwa subira atauona umepangika. Kwanza mama analeta windo lililokufa na kulila mbele ya watoto. Siku zinazofuata analiacha walile wao. Kisha, siku moja, anakuja na kitu kinachopumua. Tuseme ni mjusi kafiri, maana nyumba nyingi za pwani hazimkosi. Mama anaingia ameinamisha kichwa, anatoa mlio mfupi wa kooni, na watoto wanakusanyika. Anafungua mdomo. Mjusi anachomoka, na mkia wake unakatika na kubaki ukirukaruka sakafuni. Watoto wawili wanauvamia mkia, mjusi mwenyewe huyo anaelekea ukutani. Mama, aliyekuwa amekaa kama asiyehusika, ananyoosha mkono mmoja, anambana chini, anamrudisha katikati, kisha anakaa tena. Kadiri watoto wanavyozidi kuwa hodari, ndivyo anavyoingilia kidogo zaidi.

Kuua kwenyewe ni ufundi wa pekee. Mtafiti wa Kijerumani Paul Leyhausen, aliyetumia miaka mingi kuwachunguza paka wa kila aina, alieleza jinsi paka anavyolenga ukosi wa windo na kupenyeza meno chonge katikati ya pingili za shingo, akakata ugwe wa mgongo bila kuvunja mfupa. Mtoto huja duniani akiwa na mwelekeo wa kuruka, kukamata na kuuma. Kuviunganisha hivyo vitatu kwa mpangilio, kwa nguvu ya kutosha, bila kujeruhiwa na panya anayejitetea, ndiko kunakohitaji mazoezi.

Je, bila mama angeweza? Mwanasaikolojia wa Kichina Zing-Yang Kuo, ambaye hakuwa na imani na habari za silika, alilichunguza swali hilo na kutoa matokeo yake mwaka 1930. Aliwagawa watoto wa paka mafungu matatu. Waliolelewa na mama aliyekuwa akiua panya mbele yao, 18 kati ya 21 waligeuka wauaji wa panya. Waliolelewa peke yao, 9 kati ya 20. Waliokuzwa pamoja na panya tangu wadogo, 3 tu kati ya 18. Waswahili husema mwana wa nyoka ni nyoka, na takwimu za Kuo zinaukubali usemi huo nusu: karibu nusu ya waliokosa mwalimu kabisa waliua hata hivyo, ila mwalimu alipokuwepo idadi ilikaribia maradufu.

Mtafiti Tim Caro aliyarudia maswali haya karibu na mwaka 1980, na akakuta jambo lililowashangaza wengi. Kuchezea vitu utotoni, ile michezo ya uzi na mpira wa karatasi ambayo watu huihesabu kuwa mazoezi ya kuwinda, hakukuwa na athari kubwa kwa uhodari wa paka mzima. Kilichowasaidia watoto mapema ni kukutana na windo lenyewe, mama akiwepo.

Caro huyohuyo alikwenda Tanzania, akakaa miaka kwenye nyanda za Serengeti akiwafuata duma. Huko alikuta shule ileile kwa kipimo kikubwa. Duma mwenye watoto, badala ya kumuua mtoto wa swala tomi au sungura aliyemkamata, humbeba akiwa hai na kumwachia mbele ya wanawe. Wanamkimbiza, wanamwangusha, anainuka, wanamkimbiza tena. Mara nyingine windo hutoroka na familia nzima hulala njaa. Hasara hiyo ndiyo iliyompa Caro hoja. Mwaka 1992 yeye na mtafiti mwenzake Marc Hauser waliweka masharti ya kumwita mnyama mwalimu: abadili mwenendo wake pale tu asiyejua anapokuwepo, asipate faida ya papo hapo au hata apate hasara, na mwanafunzi ajue jambo mapema au haraka kuliko ambavyo angejua mwenyewe. Paka wa nyumbani na duma walikuwa miongoni mwa mifano waliyoijadili. Kwa mnyama ambaye kwa kawaida huua na kula palepale alipokamatia, kubeba windo hai hadi kwa watoto na kuliachia ni gharama ya kweli, na ni vigumu kuliita tendo hilo jina jingine zaidi ya kufundisha.

Mama hufundisha hata yasiyokuwemo katika maumbile ya paka. Mwaka 1969 mtafiti Phyllis Chesler alichapisha matokeo ya jaribio ambalo paka walitakiwa kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Watoto waliomtazama mama yao akibonyeza walijifunza haraka. Waliomtazama paka jike wasiyemjua walijifunza pia, lakini kwa kuchelewa sana. Walioachwa wajaribu wenyewe, bila wa kumtazama, hawakufaulu hata mmoja. Elimu ileile, wenzo uleule: tofauti ilikuwa ni nani anayeonyesha.

Ndugu nao wana somo lao, na mama hawezi kulifundisha vizuri kama wao. Tangu wiki ya nne watoto huanza kubiringishana, kuviziana na kung'atana masikio. Anayeng'ata kwa nguvu anapigiwa kelele na mchezo unakatika. Kwa kurudiarudia hivyo anajua kipimo cha meno yake, na anajua kuficha makucha anapocheza. Mtoto aliyelelewa peke yake kwa chupa mara nyingi hukosa kipimo hicho, akamkwaruza mwenye nyumba kwa nguvu ileile ambayo angeitumia kwa panya.

Lipo pia somo la binadamu, na hili lina muda mfupi kuliko yote. Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mtoto wa paka huzoea kushikwa na watu kwa urahisi kati ya wiki ya pili na ya saba. Aliyebebwa na kubembelezwa kipindi hicho huwa rafiki wa watu maisha yake yote. Asiyemgusa binadamu mpaka wiki ya saba ipite anaweza kuzoea, lakini kwa taabu, na wengine hubaki wakikimbia kila mgeni. Paka wengi wa sokoni na kwenye diko la samaki wanaoitwa wakali walikosa somo hilo, basi.

Hapo pana mtego kwa wafugaji. Mtu anasikia kwamba ni vyema paka azoee watu mapema, anakwenda kwa jirani kumwomba mtoto wa wiki tano, anambeba kwenye kikapu mpaka nyumbani. Amemtoa shuleni katikati ya muhula. Mwaka 2017 watafiti wa Finland walichapisha uchunguzi wa paka zaidi ya 5,000. Waliotenganishwa na mama kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi ukubwani, hasa kwa wageni, na waliobaki na mama hadi wiki kumi na nne walikuwa na matatizo machache zaidi. Hakuna sababu ya kuchagua kati ya watu na mama. Mtoto ashikwe, abebwe, asemeshwe kila siku, akiwa bado palepale alipozaliwa, na mama yake pembeni.

La ajabu ni kwamba somo ambalo wenye nyumba huwa na haraka nalo kuliko yote halihitaji mwalimu. Kuanzia wiki ya nne hivi mtoto wa paka akikuta mchanga au udongo laini hufukua, hujisaidia, hufukia, hata kama ni yatima ambaye hajawahi kumwona paka mwingine akifanya hivyo. Anachojifunza ni mahali tu. Ukimwekea beseni la mchanga karibu na anapolala, ukalisafisha, atalizoea ndani ya siku chache.

Wiki ya nne hadi ya nane mama huanza kuwakatalia ziwa. Analalia tumbo, anaondoka wakimsogelea, anapanda juu wasikofika. Watoto hulalamika, kisha huanza kula chakula kigumu. Katika makundi ya paka waishio huru, kwenye mashamba na bandari, madume huondoka wakishakomaa na kutafuta maeneo mengine. Majike wengi hubaki na mama, shangazi na dada zao, na huko hunyonyeshana watoto na kuwalinda kwa pamoja, kiasi kwamba si rahisi kwa mtazamaji kujua nani mama wa nani. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita tu, hivyo kabla hajatimiza mwaka huwa tayari ana wanafunzi wake mwenyewe, anaowalea bega kwa bega na mama aliyemlea yeye.