Kiwanja cha farasi cha Ngong: Ni urithi wa nani?

Ukimwuliza mtoto wa hapa Gihosha mnyama wa heshima ni yupi, hatasita kukujibu kuwa ni ng'ombe. Ng'ombe ndiye anayetolewa mahari, ndiye anayefunga urafiki, na pembe zake ndizo zinazosifiwa. Farasi watoto wetu wengi humjua kwa picha tu. Hata hivyo, katika jiji la Nairobi, upande wa mashariki ya nchi yetu, kipo kiwanja ambacho tangu mwaka 1954 farasi wamekuwa wakishindana mbele ya umati wa watu. Hicho ndicho kiwanja cha Ngong, ambacho leo ndicho pekee cha namna yake nchini Kenya. Tumeona inafaa tueleze habari zake, kwa kuwa ndani yake mna mambo matatu yanayotuhusu sote: mnyama, vita na ardhi.

ASILI YA FARASI WA MBIO

Farasi wanaokimbia Ngong si farasi wa kawaida. Ni wa ukoo maalumu uliotengenezwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, kwa kuwapandisha farasi jike wa huko na madume yaliyotoka nchi za mashariki. Ukoo wote huo hurejea, kwa upande wa baba, kwa madume watatu tu. Wa kwanza aliitwa Byerley Turk, naye alikuwa farasi wa vita. Afisa mmoja Mwingereza, Robert Byerley, alimpanda katika mapigano ya mto Boyne, huko Ireland, mwaka 1690. Wa pili, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, nchini Syria, akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Wa tatu, Godolphin Arabian, alifuata miaka mingi baadaye. Mwaka 1791 kilitolewa kitabu cha nasaba ya farasi hao, na tangu hapo farasi asiyeweza kuonyesha wazazi wake katika daftari hahesabiwi kuwa wa ukoo huo.

Basi damu ya Mwarabu na Mturuki ndiyo iliyompa Mwingereza fahari yake. Farasi huyo huwa na uzito wa kilo 500 hivi, naye aweza kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa akiwa na mtu mgongoni. Lakini miguu yake ni myembamba na tabia yake ni ya wasiwasi, hivyo huhitaji matunzo ya usiku na mchana. Matunzo hayo ndiyo kazi ya saisi, mtumishi ambaye jina lake halitajwi kamwe mshindi anapotangazwa.

KWA NINI NAIROBI, SI KWINGINE

Msomaji aweza kuuliza sababu ya mbio hizo kustawi katika nyanda za juu za Kenya na kutostawi katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati. Jibu ni wadudu. Mbung'o huleta nagana, nao usubi wa usiku huleta homa ya farasi, ugonjwa unaoweza kumwua mnyama mzima kwa muda wa siku chache. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haiwapendezi mbung'o. Reli ilipofika hapo kutoka Mombasa mwaka 1899, walowezi walikuja na farasi wao. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walikwisha anzisha chama cha mbio na kutenga kiwanja, upande wa mashariki wa mji. Baadaye Nakuru, Eldoret na Limuru nako kukawa na viwanja.

Kiwanja kile cha kwanza hakipo tena, bali jina lake limebaki katika barabara ya Racecourse. Jirani na barabara hiyo upo mtaa wa Kariokor, na hapo ndipo historia inapotufundisha.

FARASI NA WAPAGAZI

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, walowezi wenye farasi waliitika wito wakapiga kambi katika kiwanja cha mbio cha Nairobi. Hapo ndipo kilipoundwa kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Mashariki. Wanyama waliokuwa wakishindania vikombe walipelekwa mpakani kuelekea Longido, ambako mapigano yalifanyika tarehe 3 Novemba mwaka huo huo.

Mwaka 1916 Waingereza walileta vikosi vikubwa vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, vikapenya hadi Kondoa Irangi. Ni mwaka huo huo, mwezi wa Juni, ambapo majeshi ya Kibelgiji yaliwatoa Wajerumani katika nchi yetu, yakashika Usumbura na Gitega. Lakini farasi hawakuweza kuhimili. Walikufa kwa maelfu, si kwa risasi bali kwa mbung'o na homa. Kila askari anajua kwamba jeshi lisilo na uchukuzi si jeshi. Mnyama alipoanguka, mzigo ulihamia kichwani mwa binadamu.

Binadamu huyo alikuwa Mwafrika. Alichukuliwa kwa nguvu, akaandikwa katika kikosi cha wapagazi ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wengi kuliko askari waliouawa vitani. Kwa hiyo yule apitaye leo katika barabara ya Racecourse na kuingia Kariokor hupita kati ya majina mawili ya vita moja: jina la uwanja wa mnyama aliyeshindwa, na jina la mtu aliyebeba badala yake.

KIWANJA KIPYA CHA 1954

Kiwanja cha sasa kilifunguliwa mwaka 1954 kando ya barabara ya Ngong, kusini magharibi ya jiji, kikipakana na msitu. Mwaka huo haukuwa wa amani. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mnamo Aprili 1954 jeshi la Kiingereza liliuzingira mji wa Nairobi, likawakamata watu kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini. Hivyo mwaka mmoja uliona seng'enge zikizungushiwa watu na ua mweupe ukizungushiwa majani ya farasi. Hatuandiki haya kwa kukitukana kiwanja. Twayaandika kwa kuwa anayesifu jengo bila kutaja mwaka wake amesema nusu ya habari.

Watu mashuhuri walipita hapo. Mmoja wao ni Beryl Markham, aliyelelewa Njoro miongoni mwa farasi wa baba yake, akapata leseni ya kufunza farasi angali kijana sana. Mwaka 1936 alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki hadi Kanada. Baadaye alirudi Kenya, akawa mfunzaji aliyeshinda mno. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

MPANGO WA MBIO

Mwenye jicho la kiaskari atapendezwa na utaratibu wa kiwanja hicho. Mbio hufanyika siku za Jumapili. Kabla ya kila shindano farasi huzungushwa polepole katika uwanja mdogo, ili watu wamkague kama gwaride linavyokaguliwa. Mpanda farasi hupimwa uzito pamoja na tandiko lake kabla ya kutoka, na washindi hupimwa tena warudipo. Akionekana amepungukiwa, ushindi wake waweza kufutwa.

Katika mashindano mengi farasi bora huongezewa uzito wa risasi, ili mnyonge naye apate nafasi. Ila katika yale makuu, kama Derby ya mita 2,400 kwa farasi wa miaka mitatu, nguvu hushindana na nguvu. Kati ya njia ya farasi pamekuwa na kiwanja cha gofu, na kila mwaka magari na pikipiki za fahari huonyeshwa huko.

Fedha za kiwanja hutegemea dau kwa kiasi kikubwa. Madau yote hukusanywa katika fungu moja, sehemu fulani hukatwa kwa gharama, na kinachobaki hugawiwa waliobahatisha. Sisi hatumshauri mtu yeyote apeleke posho ya watoto huko. Siku hizi, hata hivyo, vijana hucheza kamari ya mpira kwa simu, na mchezaji wa namna hiyo hamlishi saisi wala farasi.

SWALI LA ARDHI

Hapo ndipo penye mashaka ya leo. Jiji la Nairobi limekua mpaka limekizunguka kiwanja. Ardhi ya barabara ya Ngong ina bei kubwa, na kutunza farasi kuna gharama. Viwanja vya Nakuru, Eldoret na Limuru vilikwisha nyamaza. Ngong nayo ikifungwa, saisi, wahunzi wa kwato na wapanda farasi watakosa kazi waliyoirithi kwa wazee wao, na jiji litapoteza uwazi mpana wa majani.

Upo mfano mwingine katika Bahari ya Hindi. Uwanja wa Champ de Mars, mjini Port Louis, Mauritius, ulikuwa uwanja wa mazoezi ya askari wa Kifaransa. Waingereza walipoiteka nchi, Kanali Edward Draper aliufanya kiwanja cha farasi mwaka 1812, ili Wafaransa na Waingereza wakutane bila silaha. Tarehe 12 Machi 1968 bendera ya uhuru ilipandishwa papo hapo, na mpaka leo umati wa wananchi wa kila asili huujaza siku za mbio. Kitu cha mkoloni kiligeuka kuwa cha taifa, si kwa kubomolewa bali kwa kukaliwa.

Sisi wa Gihosha twaijua thamani ya uwazi. Vilima vilivyokuwa vitupu vimejaa nyumba, na kingo za mto Ntahangwa zinaendelea kumomonyoka chini ya kuta zetu. Mji usioacha mahali pa mvua kuzama na pa mtoto kukimbia hujitafutia taabu. Kwa hiyo swali la Ngong halihusu matajiri na farasi wao pekee. Wakenya wakikitunza kiwanja hicho, wakitunze pamoja na habari zake zote, za mnyama na za mpagazi, na malango yake yawe wazi kwa wajukuu wa wale ambao mwaka 1954 walikuwa nyuma ya seng'enge.