Atambaaye Mlangoni

Mtoto wa miezi tisa anateremka mapajani mwa mama, anatambaa hadi karibu na mlango, anageuka kumtazama, kisha anaendelea na safari yake. Mgeni akibisha hodi, anarudi mbio kushika gomesi, gauni la mama. Nani angekaa kuyaandika hayo? Mary Ainsworth aliyaandika.

Mwanasaikolojia huyo aliyekulia Kanada alifika Kampala mwaka 1954, akimfuata mumewe aliyepata kazi chuoni Makerere. Alitoka London, alikofanya kazi na John Bowlby, mfuasi wa Freud aliyegombana na wenzake. Wao walitafuta chanzo cha hasira na huzuni ndani ya njozi za mtoto. Bowlby aliuliza yaliyompata hasa. Mwaka 1944 alikuwa amechapisha uchunguzi wa watoto wezi 44. Kati ya 14 waliokuwa hawamjali mtu yeyote, 12 waliwahi kutenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo.

Ainsworth alikuja kuangalia kuachishwa ziwa, kwa kuwa desturi ya Kiganda ilikuwa kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati huo. Kumbe desturi ilikwisha kufifia. Akabadili swali, akaanza kuangalia jinsi mtoto anavyompenda mama. Pamoja na mkalimani alizitembelea familia 26 vijijini, saa mbili kila baada ya wiki mbili.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa. Lakini vijijini humo watoto waliwang'ang'ania hata baba na ndugu wasiowanyonyesha. (Wanaoyatumia mawazo ya Bowlby kumlaumu mama peke yake wangeanzia hapo.) Tena, mama aliyeweza kueleza mambo ya mwanawe kwa undani mara nyingi ndiye mwenye mtoto mtulivu, anayethubutu kwenda mbali. Mtoto mwenye wasiwasi alilia hata akiwa amebebwa.

Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Mwaka huohuo Peter Blos, mfuasi mwingine wa Freud, aliandika kwamba ujana ni kujitenga na wazazi kwa mara ya pili, baada ya ile ya utotoni. Binti wa miaka 15 anabamiza mlango, anasema hamtaki mtu. Saa moja baadaye yuko jikoni, anafunua sufuria na kuuliza, kana kwamba hakuna kilichotokea, mama amekwenda wapi.