Hatua Anazovuka Mgonjwa wa Saratani na Maana ya Kila Moja

Na Mwandishi Wetu, Kiberege

Mgonjwa wa saratani anayetoka Kiberege, katika Wilaya ya Kilombero, husafiri zaidi ya kilomita 350 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, akipitia Mang'ula, Kidatu, Mikumi na Morogoro. Anaporejea baada ya wiki kadhaa za tiba, ndugu na majirani humpokea kwa shangwe, na neno linalosikika nyumbani siku hiyo ni moja: amepona. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, neno hilo likitamkwa na familia na likitamkwa na daktari halibebi maana ile ile, na mgonjwa asiyejua tofauti hiyo anaweza kuacha kurudi kliniki katika kipindi ambacho alipaswa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo mtu mwenye saratani huvuka, na kile ambacho kila hatua inamhakikishia na kisichomhakikishia.

Hatua ya kwanza haina sherehe. Ni siku mtu anapokwenda kuchunguzwa akiwa hana maumivu yoyote. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaongoza kwa wanawake nchini, huanza na mabadiliko madogo yanayosababishwa na virusi vya HPV, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Mhudumu wa afya hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mwanamke akarudi nyumbani kwake bila kulazwa. Huyo hajawa mgonjwa wa saratani, na huenda asiwe kamwe. Kwa maoni ya mwandishi, mafanikio yake yanazidi mengine yote yatakayotajwa hapa, ingawa hakuna atakayemchinjia kuku.

Uchunguzi huo huwalenga hasa wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi, kwa kuwa uwezekano wao wa kupata saratani hiyo ni takribani mara 6 ya wengine. Wasichana nao wana hatua yao: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wenye umri wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atafikisha miaka 30 mwaka 2034, na bado atapaswa kuchunguzwa, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo.

Hatua ya pili ni kupata jibu. Uvimbe kwenye titi, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au kidonda kisichopona havithibitishi saratani. Kinachothibitisha ni kipimo cha kinyama kinachochukuliwa na kuangaliwa kwa hadubini. Njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa hadi hospitali kubwa zaidi, ambayo kwa bonde la Kilombero ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Wengi wa wagonjwa nchini hufika wakati ugonjwa uko katika hatua ya tatu au ya nne. (Neno "hatua" hapa lina maana nyingine: ni kiasi ambacho ugonjwa umeenea mwilini, na hatua hizo ni nne.) Anayefika akiwa katika hatua ya kwanza amefanya jambo kubwa kabla hajagusa dawa hata moja.

Kisha inakuja siku ya kumaliza tiba, ambayo ndiyo familia huiadhimisha. Katika nchi nyingi hospitali zina kengele ambayo mgonjwa huigonga anapomaliza mionzi. Desturi hiyo inahusishwa na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Irve Le Moyne, aliyepeleka kengele ya shaba katika hospitali ya saratani ya MD Anderson, mjini Houston, mwaka 1996. Wapo wanaoihoji, kwa kuwa sauti yake husikiwa pia na mgonjwa ambaye tiba yake haitakuwa na mwisho. Lakini mtu hawezi kuidharau furaha ya anayeigonga akijua alichopitia.

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea kidogo nje ya kizazi. Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 5, pamoja na tiba kemia mara moja kwa wiki; baadaye hufuata mionzi ya ndani. Tiba yote inatakiwa iishe ndani ya takribani wiki 8, kwa sababu kila siku inayorukwa huzipa chembe zilizobaki muda wa kukua tena. Wiki 8 mbali na shamba, mbali na watoto, katika jiji ambalo chumba na chakula hulipiwa, si jambo dogo. Kuimaliza tiba bila kukatiza ni ushindi wa mgonjwa, na pia wa yule ndugu aliyebaki kufukuza ndege shambani.

Siku hiyo, hata hivyo, daktari huwa hajui kama ugonjwa umekwisha. Mionzi huendelea kufanya kazi mwilini kwa wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa, na ndiyo maana tathmini hufanyika takribani miezi 3 baadaye. "Amemaliza tiba" na "hakuna dalili za ugonjwa" ni majibu mawili tofauti, na la pili hupatikana kwa kurudi tu.

Marudio hayo ndiyo hatua iliyo ngumu kuliko zote kwa mkazi wa mbali, kwa kuwa anasafiri akijisikia mzima. Saratani ya mlango wa kizazi inaporudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo; kwa hiyo katika muda huo mgonjwa hupangiwa kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kwa nafasi zaidi hadi afikishe miaka 5. Ule mwaka wa 5 unaotajwa sana ni kipimo cha madaktari: kwa saratani nyingi, aliyefika hapo bila dalili ana uwezekano mdogo wa kuugua tena. Saratani ya titi haifuati kanuni hiyo kikamilifu. Aina inayotegemea homoni huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na ndiyo sababu baadhi ya wanawake hupewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka 5 hadi 10. Anayeviacha mwaka wa pili kwa kuwa hana maumivu ameacha tiba, si kinga ya ziada.

Kwa watoto hesabu ni nyingine. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Uganda, alichapisha maelezo ya saratani ya watoto inayovimbisha taya, na leo inajulikana kwa jina lake. Huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, na bonde la Kilombero limekuwa miongoni mwa maeneo hayo kwa muda mrefu. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya ajabu, huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, na mara nyingine hudhaniwa kuwa jino bovu. Lakini ugonjwa huo husikia dawa vizuri ukiwahiwa, na ukirudi kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyefikisha miaka 2 bila dalili kwa kawaida huhesabiwa kuwa amepona, kwa maana ile ile anayoikusudia daktari. Mzazi anayeona taya la mtoto linavimba asisubiri wiki ipite.

Wapo pia ambao ugonjwa wao hauwezi kuondolewa. Nao wana hatua zao: kulala usiku mzima bila maumivu, kukaa mezani na wajukuu, kuhudhuria harusi ya mtoto. Tiba shufaa ipo kwa ajili hiyo, na dawa yake kuu ya maumivu makali ni morfini ya maji inayonywewa. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, kama wengi wanavyohofia.

Kabla ya kuondoka Dar es Salaam, mgonjwa amwombe daktari amweleze ni marudio yapi yanaweza kufanyika Ifakara na yapi yanahitaji safari ndefu, na aandikiwe barua inayotaja aina ya ugonjwa, tiba aliyopewa na tarehe ya kumaliza. Tarehe ya marudio ikiangukia katikati ya mavuno, alitaje jambo hilo hapo hapo ili wapange siku nyingine iliyo karibu. Kadi na barua zitunzwe pamoja mahali pakavu, na mtu mmoja zaidi nyumbani ajue zilipo.