Kwa Nini Saa ya Kiingereza Huchelewa Nyakisasa

Katika nyumba na ofisi za zamani za Afrika ya Mashariki bado huonekana, hapa na pale, saa kubwa za ukutani zilizoundwa Uingereza. Uso wake ni mweupe na wa duara, tarakimu zake ni za Kirumi, fremu yake ni ya mbao iliyong'arishwa, na nyuma ya uso huo, ndani ya sanduku, hujificha penduli, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba huku na huku. Siku hizi wako wanaozitafuta kwa ajili ya mapambo. Lakini husikika malalamiko kwamba saa ya namna hiyo "imezeeka", kwa kuwa kila siku huachwa nyuma dakika mbili au zaidi. Kisha mwenyewe hushauriwa ang'oe mitambo yote na kutia mashine ndogo ya betri nyuma ya uso. Ushauri huo ni wa kusikitisha. Saa hiyo yaweza kuwa haina kasoro hata moja. Inatenda kazi ambayo mashine ya betri haiiwezi: inapima mvutano wa dunia mahali ilipotundikwa.

Tuanze na mitambo yenyewe. Saa za namna hii zilianza kutundikwa Uingereza katika karne ya 18, zikaenea katika ofisi, shule na vituo vya reli katika karne ya 19. Nguvu yake hutoka katika kamani, ambayo hukazwa kwa ufunguo mara moja kwa juma. Hapo pana tatizo ambalo mwanafunzi ataling'amua mara moja: kamani iliyokazwa sana huvuta kwa nguvu nyingi, na kadiri inavyolegea huvuta kwa nguvu kidogo. Saa ingekwenda vizuri Jumatatu na kuzubaa Jumapili. Mafundi wa Kiingereza walilitatua jambo hili kwa kutumia gurudumu lenye umbo la pia, lililochongwa mfereji kulizunguka kuanzia upande mwembamba hadi upande mnene. Kamani huvuta gurudumu hilo kwa mnyororo mwembamba au kwa uzi wa utumbo wa mnyama. Kamani ikiwa na nguvu, huvuta penye wembamba. Ikichoka, huvuta penye unene, ambapo wenzo ni mrefu zaidi. Hivyo nguvu inayofika kwenye magurudumu ya saa hubaki karibu sawa juma zima. Sijaona mfano mzuri kuliko huu wa kufundishia somo la wenzo, na inauma kuona gurudumu hilo likitupwa jaani.

Sasa tuje kwenye penduli. Mholanzi Christiaan Huygens aliunda saa ya kwanza ya penduli mwaka 1656. Muda ambao penduli hutumia kwenda na kurudi hutegemea mambo mawili tu, iwapo mwendo wake ni mdogo: urefu wa penduli, na mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Penduli ikiwa ndefu zaidi, muda huongezeka. Mvutano ukiwa mkubwa zaidi, muda hupungua. Uzito wa kitu kinachoning'inia hauhusiki. Kwa lugha ya hesabu, muda huo hulingana na kipeuo cha pili cha urefu uliogawanywa kwa mchapuko.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa na Chuo cha Sayansi cha Paris kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, kiasi cha nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Saa yake, iliyokuwa imerekebishwa vizuri Paris, ilichelewa huko dakika mbili na nusu kila siku. Wako waliodhani kwamba joto ndilo lililorefusha ufito wa penduli. Msomaji anaweza kuipima hoja hiyo mwenyewe. Ufito wa chuma cha pua ukipata joto zaidi kwa nyuzi 1 ya Sentigredi, saa huchelewa nusu sekunde tu kwa siku. Hata joto likizidi kwa nyuzi 20, hasara ni sekunde 10; dakika mbili na nusu ni sekunde 150. Katika kitabu chake cha mwaka 1687, Isaac Newton alieleza sababu ya kweli. Dunia si tufe kamili. Imetuna kwenye ikweta, kwa hiyo mtu aliye huko yuko mbali zaidi na kitovu chake. Tena, mzunguko wa dunia hupunguza kidogo uzito wa vitu, na upungufu huo huwa mkubwa zaidi kwenye ikweta.

Nyakisasa, katika Wilaya ya Ngara, iko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta, yaani karibu na ikweta kuliko Cayenne. Zaidi ya hayo, nchi ya Ngara ni ya milima, na kupanda juu ya usawa wa bahari nako hupunguza mvutano. Tukichukua mwinuko wa mita 1,500 kwa mfano, mchapuko wa mvutano ni kama mita 9.777 kwa sekunde kwa sekunde, ilhali London ni mita 9.812. Tofauti hiyo ni asilimia 0.36. Kwa sababu ya kipeuo cha pili, mwendo wa saa hupungua kwa nusu ya kiasi hicho, yaani asilimia 0.18. Siku ina sekunde 86,400. Basi saa iliyokuwa sahihi London itachelewa Nyakisasa kiasi cha sekunde 155 kila siku. Kwa juma moja ni dakika 18, na kwa mwezi ni zaidi ya saa nzima! Hata saa iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikiletwa Ngara itapoteza sekunde 20 hivi kwa siku.

Dawa ni rahisi kuliko maelezo. Chini ya uzito wa penduli pana nati ndogo. Ukiikaza, uzito hupanda, penduli hufupika, na saa huongeza mwendo. Kwa penduli ya sentimita 25, ambayo hupiga mara mbili kwa sekunde, kinachotakiwa ni kuifupisha kwa milimita 0.9 tu. Shule yenye saa kama hii ina maabara kamili ukutani. Wanafunzi waandike kila asubuhi, kwa siku saba, saa imechelewa kiasi gani, kisha wazungushe nati mara moja na kupima tena kwa siku saba nyingine. Kwa kulinganishia, simu ya mkononi inatosha. Ila walio karibu na mpaka wa Rusumo wajihadhari, maana simu ikinasa mtandao wa Rwanda huweza kurudi nyuma saa nzima.

Jambo moja ni la hatari, nami nalisisitiza: mwanafunzi asifungue skrubu za mitambo wakati kamani imekazwa. Kamani ikifyatuka yaweza kujeruhi vidole vibaya. Kazi hiyo ni ya fundi.

Kuhusu kupamba, watu wa pwani walitutangulia. Bi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba saa zilikuwa nyingi katika nyumba za wakubwa, nyingine zikiwekwa juu ya vioo, nyingine mbili mbili kandokando ya vioo hivyo. Hilo lilikuwa pambo la utajiri. Saa ya penduli lakini ina masharti yake. Itundikwe kwenye ukuta imara, si karibu na mlango unaobamizwa. Kwenye ukuta wa matofali mabichi msumari hulegea, hivyo afadhali kipande cha mbao ngumu kijengewe ndani kwanza. Isipate jua la dirishani wala moshi wa jikoni. Kisha sikiliza: sauti zake mbili ziwe na nafasi sawa. Zikichechemea, saa imekaa upande, nayo itasimama baada ya muda mfupi. Isogeze chini kidogo kushoto au kulia mpaka zilingane. Mafuta yawe ya saa, tone moja moja. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa gundi.

Anayenunua ajue pia kwamba jina lililoandikwa usoni aghalabu ni la muuzaji, si la fundi aliyeiunda. Mimi ningetazama kwanza gurudumu la pia na mnyororo wake. Rangi ya uso huja baadaye.

Limebaki swali la kuitegesha saa hiyo kwa wakati gani. Saa za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nao Ngara iko karibu na nyuzi 31. Jua huchukua dakika 4 kupita kila nyuzi. Kwa hiyo Nyakisasa jua hufika utosini kiasi cha dakika 56 baada ya saa sita mchana, na huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Mpango huu hubadilika kwa takriban robo saa mbele au nyuma kulingana na majira ya mwaka. Mwalimu mwenye kijiti kilichosimikwa wima uani na saa ya penduli ukutani anaweza kuonyesha mabadiliko hayo darasani, mwezi baada ya mwezi, kwa kuandika saa ambayo kivuli ni kifupi kuliko vyote.